Saa Kumi na Tano za Mama Kibarazani

Mapera,
S.L.P. 41,
Mbinga.

12 Februari 2000

Mpendwa mdogo wangu Tarsisi,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, maana kwa miezi saba nilidhani sina tena mdogo wa kuniamkia. Hujambo lakini? Mguu unaendeleaje? Uvimbe umekwisha, au bado unatembea na ile fimbo uliyoitaja? Wifi yangu Kunigunda hajambo, na watoto nao? Waambie shangazi yao anawauliza mmoja mmoja kwa majina.

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua inatosha, labda imezidi kidogo, na mahindi yameanza kutoa mbelewele. Magoti yangu yanalia kila ninapopanda kwenda shuleni, ila bado nafundisha darasa la tatu na bado wananiogopa. Kaka yetu Joakim amekonda kwa kikohozi, lakini ulimi wake haujakonda hata kidogo. Siku hizi wanunuzi wa kahawa ni wengi, kila mmoja na gari lake na mizani yake, naye anagombana nao wote kwa zamu.

Barua yako ilichukua wiki tano njiani. Bwanali aliileta mwenyewe kutoka dukani kwake mjini, mzee wa watu, kapanda mlima wote ule na bahasha kwenye mfuko wa shati, pamoja na tende zilizobaki za Idi. Alikataa kuketi mpaka niifungue. Niliposoma ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Mwalimu, mbona rangi imekupotea?" Nikamwambia ni habari ya mguu wako. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Kwanza nikupe pole. Safari ya kurudi Amerika saa kumi na sita na ushee, umebanwa dirishani, jirani yako kalala fofofo, nawe ukaona haya kumwamsha upite ukanyooshe miguu! Jamani, Tarsisi! Haya hizo za Kimatengo zitakuua. Tazama sasa, damu imekugandia mguuni, umelala hospitalini siku tisa, mtu mzima ukichomwa sindano tumboni. Daktari kakwambia unywe maji mengi, utembee kila baada ya saa, uvae soksi za kubana. Basi mtii. Huyo jirani mnene mpige kofi la bega aamke.

Umeandika kwamba ndege ile hupandi tena maisha yako yote. Sikulaumu. Lakini nami nakumbuka ulivyoisifu. Mara ya kwanza, mwaka tisini na moja, ulipitishwa Ulaya, ukapotea kwenye uwanja mkubwa kuliko tarafa nzima, mlango wako ukaukosa, ukalala siku mbili juu ya begi lako. Ilipokuja hii ya moja kwa moja ukatuandikia kurasa sita za furaha. Ukipanda New York umepanda, ukishuka umeshuka Johannesburg, saa kumi na tano, hapana kuteremka, hapana kutafuta mlango, hapana mtu wa kukuuliza karatasi katikati ya safari.

Barua ile ya kurasa sita Mama alinisomesha mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Alijua kila kitu kilichomo. Alijua kwamba mnalishwa mara mbili, kwamba miguu huvimba viatu vikagoma kuingia, kwamba pua hukauka zikatoka damu, kwamba foleni ya choo huanza kila chakula kinapokwisha. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni marubani kupokezana. "Yaani dereva analala, na gari linakwenda?" Nikamwambia yuko mwenziwe. Akacheka, akasema huyo mwenziwe ndiye wa kuombewa rozari.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeandika hivi, na naliweka hapa ili usiseme nimelikwepa: "Dada, nieleze ukweli mbele ya Mungu. Mama alijua kwamba naja, au alikufa akidhani nimemtupa?"

Swali hilo uliniuliza pia mwezi wa saba, tumesimama kaburini, udongo bado mbichi. Nilikujibu kwamba Mama hakuwa na fahamu siku zile, kwamba alilala tu na hakuamka. Tarsisi, nilikudanganya. Mama alikuwa na akili zake zote mpaka dakika ya mwisho. Nilisema uongo kwa sababu kweli yenyewe ilikuwa na jina langu ndani yake, nami niliogopa.

Nakueleza kama ilivyokuwa.

Jumapili ile, tarehe kumi na moja Julai, uliponipigia simu dukani kwa Bwanali, ulisema unapanda kesho yake jioni, na kwamba kwa saa za kwetu itakuwa usiku wa kuamkia Jumanne. Ukasema, "Saa kumi na tano tu, dada. Jumanne alasiri nitakuwa Joni." Halafu simu ikakatika. Nilikaa pale kaunta nusu saa nikingoja ilie tena, haikulia. Nikachukua mwamvuli wangu nikaondoka.

Joni! Wewe unajua neno hilo lilivyotamkwa nyumbani kwetu. Marehemu Baba alichimba migodini Joni, ndiyo hiyo Johannesburg, miaka sita, akarudi mwendo mwingine kwa miguu, mwingine kwa boti ya ziwani, akateremka Lituhi na blanketi mbili begani. Alipokuwa akisimulia alitaja Joni kama mtu anavyotaja Mbuji, mahali pa kwenda na kurudi. Hakutueleza miezi aliyotumia njiani, alitueleza tu kwamba alifika. Tumekulia hivyo. Kwetu mtu aliyeko Joni yuko upande huu, bahari ameshaivuka, kilichobaki ni kufuata njia.

Basi mimi, mwalimu kazini miaka ishirini na sita, niliyeibandika ramani ya Afrika ukutani kwa mikono yangu, sikuinua hata jicho kuitazama. Nilifika nyumbani nikamwinamia Mama kitandani nikamwambia, "Mama, Tarsisi anapanda ndege kesho. Jumanne jioni yuko Joni. Jumatano asubuhi yuko hapa." Sikuwaza ndege ya Dar, sikuwaza basi la Songea, sikuwaza hata ile barabara ya kuja Mbinga inayokula siku nzima. Nilihesabu saa kumi na tano, nikaongeza usiku mmoja.

Mama alikuwa hajainuka wiki tatu. Moyo ulikuwa umechoka, wa hospitali walishasema tumtunze nyumbani, tumweke penye joto. Alipolisikia jina lako akashika mkono wangu, akaketi. Unaujua mwiko wake: mtoto wa safari hapokewi na mama aliyelala. Alisema mama akipokea amelala, mtoto hataoga vumbi la njia, ataanza kulia moja kwa moja. Jumanne alfajiri alitaka maji ya moto, akaoga, akavaa kile kitenge cha bluu ulichomletea, akaamuru kiti kitolewe kibarazani.

Nilimkatalia. Ilikuwa Julai, ukungu umelala bondeni mpaka saa nne, unajua baridi yetu. Akaniambia, "Gaudiosa, mwenzio yuko juu kunako baridi kuliko hii." Nikamfunga mablanketi mawili, nikaweka jiko la mkaa miguuni pake, nikaketi naye. Shuleni niliomba ruhusa.

Tarsisi, siku ile tulisafiri na wewe. Kila baada ya muda aliniuliza, "Sasa anafanya nini?" Nami nilikuwa na barua yako mapajani, nikimjibu kutoka humo. Saa moja asubuhi nikamwambia umeshakwenda saa sita, umekula, taa zimezimwa. Saa tatu nikamwambia unapita juu ya bahari, hakuna cha kuona chini. Akainua kichwa akatazama ukungu, kana kwamba anaweza kukuona. Akauliza kama mko wengi. Nikamwambia mia tatu na zaidi. Akasema, "Masikini, na wote wana mama zao."

Nilipomsomea pale ulipoandika kwamba ni lazima kuchezesha vifundo vya miguu ili damu isilale, alianza naye. Mama yetu, na miguu yake ile iliyovimba kwa moyo, akaizungusha mbele ya jiko, kulia, kushoto, akinihimiza nami nizungushe. Watu waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa walisimama kushangaa. Kila mmoja aliambiwa: "Mwanangu yuko juu." Sijawahi kumwona akiwa na furaha ya namna ile, hata siku ulipopata upadrisho wako wa elimu, kama alivyokuwa akiita ile digrii.

Saa kumi alasiri nikasema, "Ametua Joni." Akajifanyia ishara ya msalaba, akakubali kuingia ndani, ila akanionya nimwamshe mapema. Akanywa togwa kikombe kizima. Hakuwa amemaliza kikombe kwa wiki mbili.

Jumatano akarudi kitini. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Joakim akatoka kwenye mashine ya kumenyea kahawa, mikono imejaa maganda, akafoka kwamba tunamwua mama kwa baridi. Mama akamjibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa Joakim, siyo Joakim aliyemzaa yeye. Kaka akarudi kwenye kahawa yake akinung'unika.

Na sasa hapa ndipo penye kosa langu. La kuhesabu vibaya hata mtoto anaweza kulifanya. Jioni ile dereva wa lori la kahawa aliniletea kikaratasi cha Bwanali. Ulikuwa umempigia. Kiliandikwa: "Tarsisi yuko Johannesburg. Ndege ya Dar hakuna mpaka Ijumaa. Atafika kwenu Jumapili." Nilikisoma nyuma ya jiko la nje, nikakikunja, nikakifunga kwenye pindo la khanga. Sikumwonyesha Joakim. Sikumwonyesha Mama.

Umeniomba ukweli mbele ya Mungu, basi huu hapa. Nilijiambia namficha ili asikate tamaa, lakini zaidi niliona aibu. Nilikuwa nimeutangazia mtaa mzima Jumatano. Mwalimu Gaudiosa, anayewachapa watoto kwa kukosea hesabu za kujumlisha! Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamwumbua, na mimi methali hiyo naifundisha.

Kama ningemwambia ni Jumapili, angelala. Angebaki kitandani, penye joto, akajiwekea nguvu zake za siku nne. Pengine ungemkuta. Neno hilo "pengine" nimeamka nalo kila siku tangu mwezi wa saba.

Alhamisi asubuhi akaniuliza mbona hujafika. Ndipo nikamwambia umepanda ndege nyingine kutoka Joni, nayo imechelewa, bado uko juu. Uliwahi kuandika kwamba upepo ukipiga kwa mbele safari hurefuka, nikalichukua neno hilo lako nikamfunikia nalo Mama macho. Akaamini kabisa. Akauliza kama mafuta yatatosha. Nikasema yatatosha. Akatoka tena kibarazani, siku hiyo ukungu haukuinuka kabisa, nami nikamfunika nikiujua ukweli wote uliokuwa kwenye pindo langu.

Alifariki alasiri ile ile, ameketi.

Ijumaa tukamzika. Ulipofika Jumapili umeshika viatu mkononi kwa sababu miguu haikuingia, ukauliza kwa nini hatukukungoja, Joakim akakujibu kwamba maiti haisubiri ndege. Neno baya. Lakini yeye hakujua ulikokuwa, alikuwa anahesabu zile saa zangu kama wengine. Mimi ndiye niliyejua ni Jumapili, mimi ndiye niliyeweza kusema tungoje siku mbili, nikanyamaza mara ya pili. Ukaondoka Jumanne bila kula kwake. Kama una hasira, iondoe kwa kaka uilete kwangu, huku ndiko anwani yake.

Joakim nilimwambia yote Jumatano hii, baada ya barua yako. Hakufoka, jambo ambalo hujawahi kuliona wewe wala mimi. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwandikie leo." Nimechukua siku tatu.

Nimelifikiri sana swali lako. Kumbe kwa kuficha kosa langu nilikunyang'anya kitu kilichokuwa chako. Umekaa miezi saba, na katika hiyo siku tisa za kitanda cha hospitali, ukidhani Mama alikufa akikuona umemtupa. Na kweli ilikuwa hapa, ndani ya kinywa changu. Hilo linaniuma kuliko hata baridi ile.

Mwezi wa saba tutalijengea kaburi, na paroko ameshaandika Misa ya kutimiza mwaka. Joakim amefyatua tofali tayari. Sikuombi uje, daktari wako ndiye mwenye neno la mguu, siyo mimi. Lakini akikuruhusu, usipande ile ya saa kumi na tano. Pitia Ulaya, teremka, tembea, lala mahali, kunywa chai. Ukipotea uliza, Kiingereza unakijua sasa. Chukua hata wiki. Tutaanza Misa ukishafika, na Joakim amekubali kwa kinywa chake.

Salamu nazitanguliza hapa, kwa sababu kuna jambo moja limebaki, na nikishaliandika sitaweza kuendelea na mengine. Joakim anakusalimu, anasema mlango wake hauna kufuli kwako. Bwanali na mkewe Saida wanakusalimu, na Bwanali anasema simu bado ipo pale pale kaunta. Paroko anakusalimu. Wabusu watoto, mpe pole Kunigunda kwa kukuuguza. Mungu auponye mguu wako, azilinde safari zako fupi na ndefu, na Bikira Maria asikuache.

Sasa hilo lililobaki.

Alhamisi ile, kiasi cha saa tisa, Mama aliegemeza kichwa kitini. Nikadhani amesinzia. Kisha akaniuliza, sauti ndogo lakini safi, "Sasa anafanya nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuyamaliza yote ya kwenye barua yako. Nikamwambia, "Amelala, Mama."

Akatabasamu. Akasema, "Basi msimwamshe. Amechoka." Akafumba macho yeye mwenyewe, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Alijua unakuja, Tarsisi.

Mimi dada yako ninayekupenda, na ninayengoja neno lako hata kama ni la kunilaani,

Gaudiosa